Majedwali Yanayohusiana: Kazi ya Mwanatarakilishi au ya Mwanafasihi?

Na ichukuliwe kwamba mchapishaji mmoja wa vitabu vya Kiswahili anataka kujibu swali ambalo machoni pa wengi ni jepesi: nakala ngapi za kazi za Said Ahmed Mohamed ziliuzwa katika mwaka uliopita? Mchapishaji huyo hana upungufu wa data. Mhasibu wake ana jedwali la mauzo, lenye mstari mmoja kwa kila kitabu kilichotajwa katika kila ankara. Idara ya uhariri ina jedwali la vitabu. Idara ya mikataba nayo ina jedwali la waandishi. Majedwali hayo matatu yanapakiwa katika programu ya uchanganuzi wa biashara, yanaunganishwa kwa jina la mwandishi, na baada ya muda mfupi jibu linatokea kwenye skrini, tena kwa mchoro wa kupendeza wenye rangi.

Jibu hilo ni la uongo. Katika jedwali moja mwandishi ameandikwa Said Ahmed Mohamed, katika la pili Said A. Mohamed, na katika la tatu S. A. Mohamed. Kwa tarakilishi, hao ni watu watatu. Isitoshe, orodha ina M. S. Mohamed, na karani mwenye haraka anaweza kudhani kuwa herufi zimepinduliwa tu, akamsahihisha awe S. A. Mohamed. Kumbe huyo ni Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Karibu naye yupo Mohamed Said Abdulla, muumbaji wa mpelelezi Bwana Msa. Wote watatu ni Wazanzibari, wote ni waandishi wa riwaya, na majina yao yanapokezana kama shanga za uzi mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuwachanganya. Mashine, na aghalabu mtaalamu anayeiendesha, hawana njia ya kuwatenganisha.

Makala haya yanashikilia kwamba kuunganisha majedwali yanayohusiana si kazi ya kiufundi peke yake. Kabla ya uhusiano kuchorwa baina ya jedwali moja na jingine, ni lazima mtu aamue ni vitu gani vilivyo kimoja na ni vipi vilivyo viwili. Panapohusika vitabu vya Kiswahili, uamuzi huo ni wa mwanafasihi. Idara za Kiswahili zikiendelea kuuachia wengine, hasara itawafikia waandishi, wasomaji na fasihi yenyewe.

Jedwali, ufunguo na uhusiano

Chimbuko la fikra hii si la jana. Mnamo mwaka wa 1970, Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM kule California, Marekani, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba data zote zihifadhiwe katika majedwali sahili, na kwamba majedwali hayo yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake, si kwa njia fiche za mashine. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1981. Benki, hospitali na vyuo vikuu vingi vya leo vimejengwa juu ya wazo hilo.

Msingi wake ni huu. Kila jambo liandikwe mara moja, mahali pamoja. Habari za kitabu, yaani jina lake, utanzu wake na mwaka wa kuchapishwa, zikae katika jedwali la vitabu. Jedwali la mauzo lisizirudie. Lichukue tu nambari ya kitabu, idadi ya nakala, bei na tarehe. Nambari hiyo, ambayo haijirudii katika jedwali la vitabu, ndiyo ufunguo msingi. Inapotokea katika jedwali la mauzo huitwa ufunguo mgeni, kwa kuwa makao yake yako kwingine. Hapo mgeni anaweza kuonekana mara elfu, maana kitabu kimoja huuzwa mara nyingi. Uhusiano wa namna hii huitwa wa mmoja kwa wengi.

Mwanafunzi wa isimu hapaswi kuuona huu kuwa msamiati wa ajabu. Sarufi ya Kiswahili hufanya kazi iyo hiyo kila siku. Katika sentensi "Kitabu kile kizuri kilichouzwa kimerudishwa", kiambishi ki- kinatoka kwa nomino moja na kujitokeza katika kila neno linaloihusu. Msikilizaji akikutana na kimerudishwa anajua ni nini kilichorudishwa, hata nomino ikiwa mbali. Upatanisho ukivunjika, mtu akasema "kitabu zuri imerudishwa", mzungumzaji mzoefu husikia kero papo hapo. Tofauti ni kwamba majedwali yaliyounganishwa vibaya hayakeri sikio la mtu yeyote. Yanatoa jumla, na jumla huaminiwa.

Ralph Kimball, katika kitabu chake cha mwaka wa 1996 kuhusu maghala ya data, alieneza mpangilio ambao wachanganuzi wa biashara wanautumia hadi leo. Katikati huwekwa jedwali la matukio, kama vile mauzo. Kulizunguka huwekwa majedwali ya maelezo: vitabu, wateja, maeneo, kalenda. Kwa kuwa umbo lake lina kitovu na miale, limeitwa mpangilio wa nyota. Programu kama Power BI ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2015, imeundwa kwa kuzingatia mpangilio huo. Mtumiaji akichagua utanzu wa ushairi katika jedwali la vitabu, uteuzi wake husafiri kupitia uhusiano hadi katika mauzo na kubakisha mauzo ya ushairi pekee. Kwa kawaida uteuzi hutoka upande wa mmoja kuelekea upande wa wengi, kama vile nomino inavyoamuru kitenzi wala si kitenzi kuamuru nomino. Programu inaruhusu njia kufunguliwa pande zote mbili, lakini anayefanya hivyo bila sababu hujitafutia utata, kwani uteuzi huweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili zinazopingana.

Jina si ufunguo

Kosa la kwanza, na lililoenea kuliko yote, ni kufanya jina kuwa ufunguo. Hatari ya kuchanganya watu wawili imekwisha kuonyeshwa. Hatari ya pili ni kinyume chake: mtu mmoja kugeuzwa wawili. Wasomaji wa Siku Njema (1996) na Kufa Kuzikana (2003) wanamjua mwandishi kama Ken Walibora. Makala yake ya kitaaluma yalitoka kwa jina la Ken Walibora Waliaula. Modeli ya data inayounganisha kwa jina itamfanya mwanariwaya na msomi kuwa watu wasiofahamiana. Wala majina ya vitabu si salama zaidi. Utenzi mashuhuri wa karne ya 19 huitwa na wengine Utendi wa Mwana Kupona na wengine Utenzi wa Mwana Kupona. Herufi moja tu imebadilika, na kwa mwanafasihi hiyo ni tofauti ya lahaja inayoeleweka. Kwa tarakilishi ni kazi mbili.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Kila mwandishi apewe nambari isiyo na maana nyingine yoyote zaidi ya kumtambulisha. Majina yake yote, pamoja na lakabu na vifupisho, yawekwe katika jedwali la pili ambalo kila mstari wake umebeba nambari hiyo. Mtu abaki mmoja, majina yawe mengi. Hata hivyo, anayejaza jedwali hilo la pili hawezi kuwa mtu asiyejua fasihi. Hakuna kanuni ya kimashine inayoweza kumwambia kwamba Waliaula na Walibora ni mmoja ilhali M. S. Mohamed na S. A. Mohamed ni wawili. Kinachohitajika hapo ni maarifa ya uwanja wenyewe.

Nambari ya ISBN nayo

Huenda msomaji akauliza: kwa nini isitumiwe nambari ya ISBN iliyochapwa nyuma ya kila kitabu? Hoja hii ina uzito. Nambari hiyo ni ya kimataifa, na sehemu yake moja huonyesha hata nchi au lugha ya mchapishaji: 9966 ni ya Kenya, 9970 ya Uganda, na Tanzania ina 9976 na 9987. Kwa mauzo ya kila siku ni ufunguo mzuri. Lakini anayeitumia bila kuijua historia yake atakwama katika mambo matatu.

Kwanza, mfumo wa ISBN ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 1970. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka wa 1951. Matoleo ya zamani kama hayo hayana nambari yoyote.

Pili, hadi mwisho wa mwaka wa 2006 nambari hiyo ilikuwa na tarakimu 10. Kuanzia tarehe 1 Januari 2007 ikawa na tarakimu 13. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kuongeza 978 mwanzoni tu, maana tarakimu ya mwisho, ambayo ni ya kuhakiki zilizotangulia, hukokotolewa upya. Jedwali la mhariri likiwa na nambari za kale na la mhasibu likiwa na mpya, kitabu kile kile hakitakutana na mauzo yake.

Tatu, programu za lahajedwali huichukulia ISBN kuwa hesabu badala ya utambulisho. Nambari ya tarakimu 13 huonyeshwa kwa mkato wa kisayansi. Nambari ya tarakimu 10 inayoanza na sifuri, kama zilivyo nyingi za vitabu vilivyochapishwa Uingereza, hupoteza sifuri hiyo. Ni lazima safu hiyo itangazwe kuwa ya maandishi kabla ya data kuingizwa.

Matokeo ya haya yote yanastahili kutafakariwa. Mstari wa mauzo usiopata mwenzake katika jedwali la vitabu haufutwi. Power BI huuweka chini ya kikundi kisicho na jina, mstari mtupu katika ripoti. Mtumiaji asiyependa kuona utupu huo mbele ya mkurugenzi wake huuondoa kwa kubofya mara moja. Je, ni vitabu gani vilivyomo katika utupu huo? Ni vile vya kabla ya mwaka wa 2007: diwani za zamani, tamthilia za miaka ya 70, riwaya zilizowalea wasomi wa leo. Vitabu vipya, vyenye nambari kamili, hubaki vikionekana. Kisha mkutano unaketi kuamua ni vitabu gani vichapwe upya, na inatangazwa kwamba ushairi hauuzwi. Pengine ni kweli hauuzwi. Pengine umeuzwa, ila mauzo yake yamelala katika mstari ulioondolewa. Asiyechunguza uhusiano wa majedwali hana haki ya kulisema la kwanza wala la pili.

Kazi, toleo na nakala

Lipo swali la ndani zaidi. ISBN hutambulisha toleo, haitambulishi kazi. Toleo la jalada gumu na la jalada jepesi huwa na nambari tofauti. Kwa mwuza vitabu hilo ni sawa, maana bei zake hutofautiana. Kwa anayeuliza kama riwaya fulani inasomwa, matoleo yote ni kitu kimoja.

Mfano bora ni tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Mwaka wa 1963 ilitoka kwa jina la Julius Caesar. Mwaka wa 1969 ilitoka tena, ikiwa imerekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Je, hizo ni kazi mbili au moja? Zihesabiwe chini ya Shakespeare au chini ya Nyerere? Mtaalamu wa tafsiri atasema kwamba ni tamthilia moja, mfasiri mmoja, na tafsiri mbili zinazostahili kulinganishwa. Jibu hilo linahitaji ngazi zaidi ya moja katika modeli, wala haliwezi kutoshea katika safu moja iliyoandikwa "jina la kitabu".

Wakutubi waliligundua tatizo hili zamani. Mwaka wa 1998 shirikisho lao la kimataifa, IFLA, lilitoa mapendekezo yanayotenganisha ngazi nne: kazi kama ilivyo katika fikra za mtunzi, namna ilivyoelezwa kwa maneno ya lugha fulani, toleo lililochapishwa, na nakala iliyo mkononi mwa msomaji. Kila ngazi inaweza kupewa jedwali lake, na kila moja inahusiana na iliyo chini yake kwa mmoja kwa wengi, isipokuwa ya pili na ya tatu, ambazo uhusiano wake ni wa wengi kwa wengi. Mchapishaji wa Nairobi huenda asihitaji ngazi zote nne. Lakini akikosa mbili, yaani kazi na toleo, hataweza kamwe kujua kama toleo jipya limeongeza wasomaji au limenyang'anya tu nafasi ya lile la zamani.

Wengi kwa wengi

Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed na kutoka mwaka wa 2007, ulipata kuwa kitabu teule katika shule za upili nchini Kenya. Ndani yake mna hadithi za waandishi kadhaa. Kitabu kimoja kina watu wengi, na kila mmoja wa watu hao ana vitabu vingine. Uhusiano huu si wa mmoja kwa wengi tena. Ni wa wengi kwa wengi.

Yako makosa mawili yanayofanywa hapa, nayo hutoa majibu yaliyo kinyume. La kwanza ni kuandika majina yote mawili katika seli moja ya safu ya mwandishi. Anayetafuta mauzo ya Said Ahmed Mohamed hataukuta mkusanyiko huo, kwa kuwa katika safu hiyo "Walibora na Mohamed" ni mtu wa tatu asiyekuwako duniani. La pili ni kurudia mstari wa kitabu, mmoja kwa kila mhariri, kisha kuuambatanisha na mauzo. Na ichukuliwe kwamba mkusanyiko wa wahariri wawili umeuza nakala 1,000 kwa shilingi 500. Mapato halisi ni shilingi 500,000. Mistari ikirudiwa, ripoti itaonyesha nakala 2,000 na shilingi 1,000,000. Ikiwa mkataba ni wa mrabaha wa asilimia 10 unaogawanywa sawasawa, kila mhariri anastahili shilingi 25,000. Kwa kosa la kwanza, ripoti ya kila mmoja itaonyesha sifuri. Kwa kosa la pili, itaonyesha 50,000, na mchapishaji akigundua baadaye atawataka wamrudishie.

Suluhisho ni jedwali la tatu, linaloweza kuitwa jedwali daraja. Kila mstari wake una nambari ya kitabu, nambari ya mtu, nafasi ya mtu huyo na sehemu yake ya mrabaha. Safu ya nafasi si pambo. Mtunzi, mhariri, mfasiri na mwandishi wa dibaji ni watu tofauti mbele ya sheria na mbele ya uhakiki. Nyerere aliifasiri Juliasi Kaizari, hakuitunga. Modeli isiyo na safu hiyo haitaweza kulisema jambo hilo. Wahenga walinena kwamba Mgala muuwe na haki yake umpe, na haki ya mwandishi haiwezi kutolewa na jedwali lisilojua alifanya nini.

Jambo la tarehe nalo lisisahaulike. Kitabu kinaweza kupelekwa shuleni Januari na kulipiwa Mei. Mauzo hayo yana tarehe mbili, na zote mbili zinahusiana na jedwali la kalenda. Power BI huruhusu uhusiano mmoja tu kati ya hiyo uwe hai kwa wakati mmoja. Mwingine hubaki umelala hadi uamshwe kwa makusudi ndani ya kokotoo. Asiyejua ni upi ulio hai ataisoma Januari kama mwezi wa fedha ilhali ni mwezi wa madeni.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitivo kingine, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mzigo wa kutosha wa fonolojia, nadharia za uhakiki na bahari za ushairi. Jibu ni kwamba hatakiwi kuwa mwanatarakilishi. Anatakiwa kuyatoa maarifa ambayo tayari anayo katika umbo linaloweza kutumiwa. Anapojifunza kubainisha maandishi ya mtunzi mmoja na ya mwingine, au kulinganisha matoleo ya utenzi mmoja, anajifunza kuamua ni kipi kilicho kimoja na kipi kilicho viwili. Huo ndio uamuzi unaokosekana katika modeli nyingi za data.

Wengine watateta kwamba fasihi haipimwi kwa mauzo. Ni kweli, na hapana mtu aliyesoma Shaaban Robert atakayepima ukuu wake kwa ankara. Lakini mauzo yanapimwa, fasihi ipende isipende, na maamuzi yanafanywa kwayo. Msomi anayekataa kushiriki katika upimaji hauzuii upimaji. Anauacha tu katika mikono isiyoijua fasihi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Majedwali hutaka kila safu ijazwe, nayo fasihi ya Kiswahili haikubali daima. Ni nani mtunzi wa habari za Fumo Liyongo? Utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913 una mwandishi wake, lakini visa na nyimbo zinazonasibishwa na shujaa huyo vilikuwako vinywani mwa watu kabla yake. Kuandika jina la Kijumwa katika safu ya mtunzi ni kudai zaidi ya tunayoyajua. Kuiacha tupu ni kuitupa kazi hiyo katika ule mstari usio na jina. Yafaa ikubaliwe kwamba hapa majedwali yana mpaka. Njia ya busara ni kuwa na mstari wa "jadi simulizi" katika jedwali la watu, uliowekwa kwa kukusudia na kuelezwa. Hiyo pia ni hukumu ya mwanafasihi. Programu haiwezi kuibuni.

Hatua ya kuanzia

Lawama bila pendekezo ni kelele. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili cha chuo kikuu chochote kinaweza, katika muhula mmoja, kuanza na majedwali manne: watu, majina ya watu, kazi, na daraja la kuwaunganisha watu na kazi. Jedwali la matoleo litafuata. Mwanafunzi mmoja akipewa waandishi 10 tu, na mhadhiri mmoja akahakiki alichoandika, darasa la watu 40 litakuwa limewashughulikia waandishi 400. Kila nambari ikishatolewa isibadilishwe wala kupewa mtu mwingine, hata kosa likigunduliwa. Kila shaka iandikwe katika safu yake yenyewe, isifichwe ndani ya jina. Idara za tarakilishi zialikwe kwa ajili ya kuyaunganisha majedwali, na wachapishaji wapewe orodha hiyo bure, kwa sharti kwamba watarudisha masahihisho.

Istilahi nazo zitahitaji kukubaliwa. Ufunguo msingi, ufunguo mgeni na jedwali daraja ni maneno yanayoeleweka na mtu yeyote ajuaye Kiswahili, nayo yakifanyiwa kazi halisi yatathibitika au yatabadilishwa. Kamusi ya istilahi inayoandikwa kabla ya kazi kufanywa hukaa rafuni.

Gharama ya mradi huu ni ndogo. Lahajedwali ya kawaida inatosha kwa kuanzia, na maktaba ya chuo ina vitabu vyenyewe. Kinachohitajika zaidi ni watu wanaoweza kusema, bila kusita na kwa ushahidi, kwamba M. S. Mohamed na S. A. Mohamed ni waandishi wawili. Watu hao wako katika idara za Kiswahili.